Sinia Moja, Paka Wanne

Nianze na ujinga wangu, maana nisipousema mimi jirani yangu atausema, na sauti yake hufika barabarani. Kwa miezi saba niliwalisha paka wangu wanne kwenye sinia moja, na wala sikuona aibu. Nilijisifu! Wateja waliokuja kupimwa suruali niliwaonyesha, pini zikiwa bado mdomoni: "Tazama. Hakuna anayemnyang'anya mwenzake."

Lilikuwa sinia la mama yangu, la alumini, lenye ukingo uliobonyea mahali pamoja. Sisi watoto sita tulilelewa kwenye sinia hilo. Obusuma, ugali wetu, katikati, mboga pembeni, kila mtu amege upande wake. Mama alikuwa akisema watoto wanaokula kwenye sahani mbalimbali, wakiwa wakubwa watakuja kuonana mbele ya wakili tu. Mimi nikaona kanuni iliyowatosha watoto sita haiwezi kushindwa na paka.

Jirani yangu ana watoto watano na kelele za watoto kumi. Siku moja niliwasikia wakipigania kichwa cha samaki, nikaacha cherehani, nikaenda hadi kwenye ua wa miti unaotutenganisha. Nikamwambia, "Jirani, walete watoto wako wajifunze adabu kwa paka wangu. Hawa wanakula sinia moja kama watu waliookoka."

Alicheka sana. Lakini huyu ni mtu asiyesahau, na ilinipasa nikumbuke hilo.

Paka wenyewe hawakuwa na majina. Nilikuwa nawaita kwa walivyo. Kulikuwa na Mama Mzee, wa kijivu, ambaye alikuwepo hapa Lurambi kabla sijanunua cherehani. Kulikuwa na Mwekundu, mwanawe, mvivu kama mimi, ambaye kitanda chake kilikuwa kikapu cha vipande vya vitambaa. Halafu kulikuwa na Mdogo, jike, mweusi mwenye kifua cheupe, niliyemkuta langoni ndani ya katoni ya sabuni. Huyo ndiye aliyeniharibu. Alikuwa akilala juu ya kitambaa nilichotandaza ili nikate, nami sikuweza kumwondoa. Nilimzunguka kwa mkasi. Kuna mwalimu mmoja huku Lurambi anavaa koti lenye mkono mmoja mfupi kuliko mwingine kwa sababu ya usingizi wa Mdogo, na naomba asisome haya.

Wa nne alitoka Navakholo. Tulikuwa tumevuna mahindi na panya wameingia stoo kama walioalikwa. Binamu yangu ana kinu cha kusaga unga huko, akaniambia, "Nitakupa dume. Huyo hajui mchezo." Nilimleta kwenye gunia, juu ya boda, akinitukana njia nzima. Alikuwa na kichwa kikubwa, sikio lililochanika na mdomo unaotoa udenda. Fizi zake zilikuwa nyekundu na pumzi yake ilinuka. Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nikasema huyu ni askari wa zamani, ana makovu yake.

Tunaambiwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye hakungoja jembe, siku ya kwanza alikamata panya watatu. Jioni nikamtengea nafasi kwenye sinia, wenzake wakasogea. Alipomaliza kula akawalamba vichwa mmoja mmoja, kama askofu anayebariki watoto wa kipaimara. Machozi yalinilengalenga. Nasema hivi ili mjue mnashughulika na mtu wa aina gani.

Wa kwanza kuanguka alikuwa Mwekundu. Alianza kuacha chakula, jambo ambalo kwake lilikuwa kama kasisi kuacha misa. Kisha akawa mwepesi. Nilipomwinua kutoka kwenye kikapu nilihisi nimeinua koti lisilo na mtu ndani. Nikamfunua mdomo, na fizi zake zilikuwa nyeupe kama chaki yangu ya kukatia.

Nilimpigia daktari wa mifugo. Huyu ni daktari wa ng'ombe hasa, mtu wa gambuti na pikipiki, na siku hiyo alikuwa upande wa Buyangu.

Alifika, akatazama huku na huku. "Ng'ombe yuko wapi?"

"Ni paka, daktari."

"Paka." Aliutua mkoba chini. "Fundi, nimetoka kwa ng'ombe anayezaa."

"Alikuwa amemaliza?"

"Alikuwa amemaliza."

"Basi keti."

Akaketi, akamfunua Mwekundu mdomo, na utani ukamtoka usoni. Akamtazama pia yule wa kinu, akamnusa pumzi. Akasema kuna kipimo anachokitaka lakini hapa Kakamega hakipo, itabidi kiagizwe kutoka Nairobi.

Wiki moja baadaye alirudi na vipimo vinne vya plastiki, kama vile vya kupimia mimba. Kazi ya kuwashika ilikuwa yangu. Niligundua kwamba paka akiingizwa ndani ya mguu wa suruali ya kaki, kichwa na mkono mmoja vikabaki nje, hana la kufanya ila kukulaani. Daktari alikuwa na kalamu.

"Jina la huyu?"

"Hana."

"Na huyu?"

"Naye hana."

"Fundi, hata ng'ombe wa kuchinjwa hupewanga alama."

Akawaandika Moja, Mbili, Tatu, Nne, akadondoshea kila kipimo tone la damu ya mwenyewe. Tukangoja. Kwa yule wa kinu kidoa cha buluu kilijitokeza haraka, kana kwamba kilikuwa mlangoni. Kwa Mwekundu vilevile. Kwa Mama Mzee hakuna kitu. Kwa Mdogo hakuna kitu.

"Ni virusi vya lukemia ya paka," daktari alisema. "Vinaharibu damu, vinamaliza kinga ya mwili. Wewe havikupati. Kuku havimpati. Ni paka kwa paka, na vinapita kwa mate. Kulambana, kung'atana, kula chombo kimoja." Hapo macho yake yakashuka sakafuni, kwenye sinia la mama yangu, lililong'aa kwa ndimi nne. "Wanakulanga kwa hiyo?"

"Kwa hiyo."

"Wote?"

"Wote."

"Pamoja?"

Nilitamani aishiwe na maswali.

Akanieleza kwamba dawa ya kuviondoa hakuna. Wagonjwa unawapa chakula kizuri, unawaweka mahali pakavu, unatibu kila kinachozuka, na kuna wanaoishi miaka. Kisha akamnyooshea kidole Mdogo, ambaye tayari alikuwa ametoka kwenye suruali na kukalia kitambaa cha mteja.

"Shida ni huyu. Wadogo vinawashika haraka. Leo hana, lakini inawezekana viliingia juzi na kipimo bado hakijaviona. Mtenge. Miezi miwili asiguse mate ya mgonjwa. Nikirudi nimkute safi, naagiza chanjo yake. Vikimtangulia, chanjo haina kazi."

Miezi miwili. Nilichora mstari kwenye kalenda kwa chaki na kusema hiyo si kazi.

Ndugu zangu, ni kazi. Wagonjwa niliwahamishia jiko la nje, lile la kuni nililoacha kulitumia siku nilipoletewa mtungi wa gesi. Wazima wakabaki nami ndani ya nyumba. Sinia nikalipandisha juu ya kabati. Nikatafuta mikebe minne ya mafuta ya kupikia, nikaifunga uzi, mwekundu kwa miwili ya wagonjwa na mweupe kwa miwili ya wazima, nikaapa haitakutana. Lishe wazima kwanza, ndipo wagonjwa. Nawa mikono. Vua aproni, vaa nyingine. Mimi ambaye nilichagua ushonaji kwa sababu ni kazi ya kukaa, nilikuwa natembea kuliko mtu anayetafuta kura. Na mvua ya hapa haimhurumii mtu. Kila ikifika saa tisa alasiri ilinikuta katikati ya uwanja, mkebe mkono huu, mwavuli mkono ule, tope likivuta ndara.

Halafu kuna mlango. Kwetu mlango uliofungwa mchana maana yake kuna matanga ndani au kuna ugomvi. Kila mteja aliyekuta nimefunga aliuliza nani amekufa. Nikaandika karatasi, FUNGA MLANGO, nikaibandika. Watu walifungua mlango, wakasimama pale wakiisoma, mlango ukiwa wazi, Mdogo akipita katikati ya miguu yao. Mara tatu nilimkimbiza kwenye mvua. Mara zote nilimkuta mahali pamoja, mbele ya jiko la nje, ameingiza mkono chini ya mlango, na upande wa pili Mwekundu ameuwekea wake. Walikuwa wamezoea kulala kikapu kimoja. Mchana kutwa huyu alilia ndani, yule akamwitikia kule jikoni, nami katikati nikishona sare za shule mistari ikipinda. Niliwapigia kelele wote wawili. Niliwaambia ninawasaidia. Hakuna aliyeshukuru.

Jirani hakukawia kuona.

"Fundi, mbona umetenga watoto wa nyumba moja? Hawa si ndio wa sinia?"

Hapa ndipo nilipoongeza ujinga wa pili juu ya ule wa kwanza. Niliogopa kusema neno virusi, na hasa niliogopa kusema damu. Nilijua mambo yatakavyokuwa. Nikisema asubuhi, jioni soko zima litajua kuna ugonjwa kwa fundi, na kesho yake hakuna mzazi atakayemvika mtoto wake sare iliyotoka kwangu. Kwa hiyo nikasema, "Wamekosana."

"Hawa? Wamekosana?"

"Wamekosana vibaya."

"Juu ya nini?"

Nilitazama pembeni. "Juu ya panya."

Alitikisa kichwa taratibu. Nilimwona akifurahi kidogo, na sikumlaumu.

Katika wiki ya sita mjomba wangu wa Navakholo alifariki. Mtu wa kukaa nyumbani kama mimi anaweza kukwepa harusi, harambee, hata sherehe ya binamu aliyepata digrii. Matanga hayakwepeki. Usipoonekana kwa wenzako, siku yako utabebwa na watu wawili. Nikajua nitalala huko siku mbili. Nikampelekea jirani ufunguo, kwa sababu ni mtu mwema na kwa sababu hakukuwa na mwingine.

"Kila mmoja na mkebe wake," nikamwambia. "Wa jikoni usiwatoe. Unaweka chakula, unafunga."

"Nimesikia."

"Kila mmoja na mkebe wake."

"Fundi, nenda ukazike mtu."

Nilienda. Wenzangu walikuwa wakiimba na kumlilia marehemu, nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nahesabu siku za Mdogo kwa vidole. Zilibaki kumi na tano.

Siku ya tatu asubuhi nilifungua lango langu na sikusikia kilio cha paka. Nilipopinda kona ya nyumba niliwaona. Wote wanne walikuwa barazani. Katikati yao kulikuwa na sinia la mama yangu, limeteremshwa kutoka juu ya kabati, limejaa omena. Mdogo alikuwa amekwisha kula. Alikuwa amefumba macho, na Mwekundu, kwa nguvu kidogo zilizombakia, alikuwa akimlamba sikio.

Jirani alisimama kando, mikono kifuani, uso ukimng'aa kama mtu aliyemaliza vita.

"Fundi! Nimewapatanisha! Siku ile uliondoka nikawatoa wote, wakaangaliana tu kando kando. Nikasema hapana, hawa lazima wale pamoja. Jana wamekula, leo wamekula. Ona! Hata nimewaombea."

Nawaeleza wasioijua desturi. Kwetu ndugu wakikosana, wazee wakishasema, watu hao huketishwa na kulishwa kutoka chombo kimoja mbele ya mashahidi. Ukishamega pale, ile kesi haifufuliwi tena. Jirani alikuwa amefanya kwa heshima yote jambo ambalo angelifanya kwa wanawe. Hata omena alitoa kwake, na sufuria yake nyeusi ilikuwa bado iko pale barazani.

Mimi nilipiga kelele. Nilimpigia kelele mwanamke aliyenilishia paka siku mbili. Nilisema, na ninaliandika kwa sababu nililisema, "Umeniulia mtoto!"

Alinitazama. Ana watoto watano. "Mtoto?"

Ndipo yote yakanitoka kwa fujo, virusi, damu, mate, miezi miwili, chanjo. Aliyasikiliza hadi mwisho.

"Uliniambia wamekosana," akasema.

"Nilikuambia kila mmoja na mkebe wake!"

"Na mimi nikajua ni hasira yako tu. Ugomvi hauponi kwa mikebe."

Akageuka, akaenda zake, akaiacha sufuria.

Daktari nilimpata kwa simu. Alisikiliza, akavuta pumzi. "Anza kuhesabu upya."

Nilifuta kalenda kwa kiganja. Sitaki kuzieleza siku hizo sana kwa sababu zilifanana. Mikebe, aproni, mvua, mlango. Tofauti ni kwamba sasa nilizifanya kwa hasira, na hasira yangu ilikuwa na anwani, ng'ambo ya ua. Nilipokanyaga tope nilimkumbuka. Nilipodungwa na sindano nilimkumbuka. Watoto wake walipopita langoni na sare zilizoshonwa na fundi mwingine, nilitazama mishono kwa mbali na kufurahi kwamba imepinda. Nilikuwa na mshtakiwa, na mtu mwenye mshtakiwa hajisikii mpweke.

Mwekundu hakufika mwisho wa miezi hiyo. Nilikuwa nimempa mchuzi kwa kijiko asubuhi, akaulamba kidogo kwa adabu. Mchana nilimkuta kwenye kikapu chake, juu ya vipande vya kitambaa cha sare, amejikunja vizuri kama kazi iliyomalizika. Nilimzika chini ya mpera nikiwa nimevaa aproni ya wagonjwa. Jirani alikuwa akianika nguo upande wake. Aliona. Akaacha kuanika kwa muda, kisha akaendelea. Ningependa angesema neno, hata baya. Mdogo alilia mlangoni siku nne, na siku ya tano akanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikonishinda.

Hatimaye daktari akarudi. Suruali ya kaki ikatoka tena. Tulimpima Mama Mzee kwanza, safi. Bibi huyu alikula na wagonjwa, alilambwa na wagonjwa, na damu yake haikujali. Daktari alisema wakubwa huwa na miili migumu. Kisha tukampima Mdogo.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Nilianza hata kutabasamu. Kisha kidoa kikaja, hafifu, kama alama ya chaki iliyofutwa vibaya, kikaendelea kukolea hadi sikuweza tena kujidanganya.

"Ni zile siku mbili," nikasema.

"Sijui."

"Ni zile siku mbili, daktari. Alimlamba sikio, niliona."

"Inawezekana ni hizo. Inawezekana pia vilijificha tangu ulipokuwa unawalisha wewe. Ndiyo maana tunapimanga mara mbili."

"Lakini hasa ni lini?"

"Fundi," alisema, akifunga mkoba wake, "damu haiandiki tarehe."

Kwa hiyo kwa Mdogo chanjo ikawa haina kazi. Akaniambia anaweza kuishi miaka, anaweza asiishi, nisimletee paka mwingine, nisimpe mashaka. Sasa wa kutengwa ni Mama Mzee peke yake, nikamwachia chumba changu cha kulala. Mdogo na yule wa kinu wakapewa nyumba iliyobaki. Wote wawili wana ugonjwa mmoja, daktari alisema, wakila pamoja hakuna kinachoharibika. Nikapanda kiti nikaliteremsha sinia la mama. Walikula kwa amani. Mdogo akamaliza, akapanda mezani, akalala juu ya kitambaa cha mteja, nami nikachukua mkasi nikamzunguka.

Wiki nzima nilitunga hotuba ya kumpelekea jirani. Nilijua lazima niende. Sikutaka kwenda na lawama yote kichwani mwangu, kwa hiyo niliigawa vizuri, kama mtu anayegawa kitambaa, nusu huku, nusu kule. Nikaenda hadi kwenye ua. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anapukuchua mahindi.

"Mulembe, jirani."

"Mulembe."

"Mdogo amepatikana nao. Ule ugonjwa."

Mikono yake ikasimama. "Pole, fundi. Pole kabisa."

Nilitiwa moyo. "Daktari anasema haijulikani ni lini. Pengine ni siku zako mbili, pengine ni mimi. Basi nimeona tuseme tu kwamba tulikosea sote wawili, yaishe."

Aliliweka gunzi chini, akajipangusa mikono kwenye leso, akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Mimi niliwapa sinia siku mbili. Wewe uliwapa miezi saba, na ukaniita nilete watoto wangu wajifunze. Hiyo hesabu hata huyu wangu wa gredi ya pili anaiweza. Na ile sufuria yangu ya omena, uirudishe leo, nataka kupika."